Mwaka Membe Walipoanguka

Justa alikuwa na tabia moja ambayo majirani zake wa Ilambo waliiona ya kipuuzi. Kila mwaka, mvua za masika zikishika, aliacha jembe shambani jua likiwa bado juu, akapanda jabali lililoinamia ghuba, akakaa kutazama ndege. Hakuwawinda wala hakuwafukuza wasikanyage mpunga. Alikaa akawatazama tu, mikono mapajani, kama mtu aliye kwenye sherehe ya watu wengine. Na mtu pekee aliyekaa naye huko juu alikuwa Sada, rafiki yake, aliyekuja kutoka Kisesa na chupa ya chai na chapati zilizofungwa kwenye kitambaa.

Wanawake hawa walijuana kiwandani. Walisimama mashine kwa mashine katika kiwanda cha nguo mjini Mwanza, miaka ambayo vumbi la pamba liliwajaa puani hata mtu akipiga chafya hutoka nyuzi. Sada alikuwa Mwislamu wa mjini, baba yake Mmanyema aliyefuata reli na mama yake Msukuma. Justa alikuwa Mkerewe, Mkatoliki wa kusali rozari kabla ya zamu. Kiwanda kilipopunguza watu, waliitwa ofisini siku moja, wakatoka getini wameshikana mikono. Justa akarudi kwa mumewe, Paulo, mwenye shamba la mpunga na mtumbwi pale Ilambo. Sada, ambaye mume alikwisha kumwacha kwa kukosa kuzaa, akafungua kibanda cha pembejeo sokoni Kisesa.

Wakati huo biashara ilikuwa imeachiwa. Pamba, ambayo zamani ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, sasa ilinunuliwa na yeyote mwenye lori na mizani. Na dawa ya pamba, ambayo zamani bwana shamba aliigawa kwa kipimo huku akiwafokea watu waoshe mikono, sasa iliuzwa na yeyote mwenye meza. Sada alikuwa na meza.

Ndege waliowapandisha jabalini walikuwa membe, wale wadogo wa mabawa marefu. Walifika ziwani miezi ya mwishomwisho wa mwaka wakiwa na rangi ya majivu, wakatawanyika kila mahali, juu ya mashamba ya mpunga, nyuma ya ng'ombe, juu ya mawingu ya visubi yanayoinuka majini kama moshi. Hakuna aliyewajali. Lakini ikifika Machi walianza kukusanyika Ilambo, kundi juu ya kundi, mpaka fungu la mchanga lililo mbele ya matete likafichika chini yao. Na hapo walikuwa wanabadilika. Vichwa viliiva weusi, kisha vifua, kisha matumbo, weusi wa masizi ya chungu, mabawa yakibaki meupe. Jua likianza kulegea waliruka wote kwa pamoja, wakazunguka wakipanda, wakapiga kelele, halafu wakashuka tena mchangani kana kwamba kuna waliyemsahau. Walifanya hivyo jioni baada ya jioni. Kisha jioni moja walipanda wasishuke. Walikwenda zao kaskazini, Misri huko, na Urusi, na nchi ambazo Justa alizisikia redioni tu.

Kwa Justa, jioni ile ya kuondoka ndiyo iliyokuwa na maana. Alimwambia Sada kwamba kuna miaka aliikosa kwa siku moja, akaumia kama aliyekosa kumsindikiza ndugu.

Mwaka wa mvua za El Nino, masika hayakuwa na mwanzo, maana vuli haikuwa imekwisha. Mvua ilinyesha Novemba, ikanyesha Krismasi, ikanyesha Ramadhani nzima. Ziwa lilipanda likaingia mashambani. Mpunga wa Justa ulisimama majini mpaka ukaoza, na mihogo ikaoza ardhini. Barabara ya Magu ilikatika mara kwa mara. Kipindupindu kikaingia mitaa ya mabondeni mjini, kikafuata watu vijijini, na kila zahanati ikanuka dawa ya kusafishia vyoo.

Kisesa nako biashara ilidorora. Pamba ilikuwa imezama, na mwenye pamba iliyozama hanunui dawa. Sada alikaa kibandani kutwa akiwafukuza nzi. Kwa hiyo alipoanza kuja Ngosha, alimpokea kama mvua ya kiangazi.

Ngosha alikuwa mvuvi, mtu mzima mwenye mabega mapana na viganja vilivyochanwachanwa na kamba. Alinunua dawa ya pamba, tena ile kali, tena nyingi, na aliomba amiminiwe kwenye dumu lisilo na karatasi. Mara ya kwanza Sada alimuuliza analima wapi. Ngosha akajibu kwamba shamba ni la mtu wa nyumbani kwao. Viatu vyake vilikuwa na magamba ya samaki. Sada aliyaona. Alikwisha kusikia pia, kama kila mtu alivyosikia, kwamba kuna wavuvi wamechoka kutupa nyavu, wanamwaga sumu kwenye ghuba tulivu na kungoja samaki waelee, kisha wanakimbiza mzigo kwa mawakala wa viwanda vya minofu. Mara ya pili Ngosha alipokuja Sada hakumuuliza kitu. Alimimina, akafunga mfuniko, akamtakia safari njema.

Mwishoni mwa Machi barabara ilipitika, Sada akaenda Ilambo kama kawaida yake. Alimkuta Justa amekonda mpaka mifupa ya shingo imejichora, lakini uso ulichangamka alipomwona. Paulo hakuwapo, alikuwa amepeleka samaki mjini tangu alfajiri. Justa alisema siku hizi mumewe anapata samaki kuliko wakati wowote tangu waoane, ila haingizi hata mmoja ndani. Wote ni wa wakala. Aliwahi kumwomba angalau kichwa cha sangara cha kuchemsha, Paulo akamkatalia kwa ukali ambao hakuuzoea, tena akampiga marufuku kuokota samaki ufukweni.

"Ametawaliwa na biashara," alisema Justa. "Zamani hakuwa hivi."

Wakapanda jabalini. Membe walikuwa wamejaa, weusi tayari, na fungu la mchanga lilionekana linatembea. Kundi likaruka. Likazunguka mara moja, likapanda, na hapo Sada akaona ndege mmoja akitoka kwenye mzunguko, akipiga bawa moja tu, akianguka kama tambara. Akaanguka mwingine, kisha wengine. Wenzao walizidi kuzunguka juu wakipiga kelele.

"Wameanza jana," Justa alisema kwa sauti ndogo. "Wengine wanakufa wamesimama. Nafikiri ni njaa, mwenzangu. Au mvua ya mawe ya juzi. Hata wao mwaka huu umewashinda."

Sada alishuka mpaka majini. Kwenye matete walikuwa wamejaa samaki wadogo, furu na dagaa, matumbo juu, wengine bado wakitapatapa. Membe mmoja alilala mchangani amekunjua mabawa, anatetemeka mwili mzima, mdomo ukifunguka na kufungika, na kidagaa kimekwama kooni. Na juu ya harufu ya tope na samaki kulikuwa na harufu nyingine ambayo Sada hakuhitaji kuambiwa. Ilikuwa harufu ya kibanda chake. Ilikuwa kwenye kanga zake na kwenye mto aliolalia. Alisimama pale akijiambia kwamba ni mvua, imesomba dawa kutoka mashamba ya pamba ya juu na kuileta ziwani. Alijiambia hivyo mara mbili. Kisha akarudi juu.

Nyumbani Justa alikuwa na sufuria jikoni. Sada alipofunua aliona miguu midogo myekundu ya membe imekatwa na kuwekwa pembeni, na ndani ya mchuzi mwembamba vifua vidogo, maini na firigisi, vyote pamoja, maana mwenye njaa hatupi kitu. Sufuria ya pili, ndogo, ilikuwa na kipande cha muhogo ambacho Justa alikitafuta kwa jirani kwa ajili ya mgeni wake tu. Kwa miaka yote alimpikia Sada katika chombo chake peke yake, ili asimtie shaka.

"Nimewatazama miaka yote sijawagusa," alisema Justa, akipakua. "Mwaka huu wanisamehe."

"Usiwale hao," Sada alisema.

Justa akainua macho. "Kwa nini?"

Neno lilikuwa mdomoni. Sada alilihisi kabisa, limekaa juu ya ulimi. Lakini nyuma ya neno lile lilikuwapo lingine, na nyuma ya hilo alikuwapo Ngosha na dumu lake, na swali ambalo Justa angeuliza baada ya hapo.

"Ni kibudu," alisema. "Hawakuchinjwa."

Justa akacheka, kicheko cha upendo kabisa. "Kwenu ni kibudu. Kwetu ni kitoweo. Kula muhogo wako."

Sada akala muhogo. Justa akala ndege, akanyonya na vifupa, akasema vina uchungu kidogo lakini afadhali. Kisha akamsindikiza rafiki yake mpaka barabarani, wakiruka madimbwi, akimsimulia habari za binti yake Hellen aliyeolewa Buhongwa. Gari lilipokuja, aligonga bodi kwa kiganja mara mbili ili dereva aondoke, na Sada alipogeuka alimwona amesimama kando ya njia anajisugua midomo kwa ncha ya kanga.

Habari zilifika Kisesa kesho yake asubuhi kwa mtu wa baiskeli. Mama Hellen ana kipindupindu. Sada alifunga kibanda bila kuingiza meza ndani.

Alipofika, mganga wa zahanati alikuwa amemaliza kupuliza dawa ukutani, na kilichokuwa kitandani kilikuwa kimefungwa nailoni. Hawakumruhusu kumfunua. Jirani, mwanamke aliyeitwa Bernadeta, alikuwa ameketi chini ya ukuta, naye uso umemsawijika kwa kutapika. Alionja vipande viwili tu vya nyama ile, akaishi. Alimweleza Sada yote bila kuulizwa. Kwamba Justa alianza kutapika kabla hajarudi kutoka barabarani. Kwamba baadaye mwili ulikakamaa, ukatetemeka ukapiga kitanda, povu likatoka, akauma ulimi ukachanika. Kwamba katikati ya hayo alitulia akauliza kama Sada ameshafika nyumbani, halafu mtetemo ukaanza tena, na haukumwacha.

Sada alikuwa amewaona wagonjwa wa kipindupindu. Wanakauka, wananyamaza, wanazimika kama taa. Hawaumi ulimi.

Walimzika siku ileile. Amri ilikuwa hivyo kwa waliokufa kwa ugonjwa ule: maiti haioshwi, haipitishwi kanisani, watu hawakusanyiki wala matanga hayakaliwi. Katekista alisimama mbali akasoma sala upesi, kaburi lilijaa maji kabla halijafukiwa, na watu wakatawanyika kila mmoja akiogopa kumshika mwenzake mkono. Akabaki Paulo, ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa nyuma ya nyumba, na Sada amesimama mbele yake.

"Shemeji," Sada alisema, "hiki si kipindupindu."

Paulo hakushtuka. Aliangalia vidole vyake.

"Najua," alisema.

Kisha akaanza kusema, polepole. Alisema mpunga ulipooza hakuona njia nyingine. Wakala alitaka samaki kila siku, hakuuliza wamevuliwa vipi, na nyavu zake ziliibwa tangu Januari. Alisema hata samaki mmoja wa sumu hakumwingiza ndani, afadhali mkewe amwone mchoyo. Alimkataza kuokota chochote majini. "Kila kitu nilikifikiria," alisema. "Ndege sikuwafikiria."

Sada akashika ukuta.

"Ngosha ni mtu wangu," Paulo akaendelea, bila kumtazama. "Nilimtuma yeye kwa sababu niliona haya kuja mwenyewe kwako. Nilijua ungeniuliza. Yeye alisema hukuuliza. Sasa tufanyeje, shemeji? Justa ameshaenda. Tumebaki sisi wawili tunaojua."

Hakulisema kwa kutisha. Alilisema kama mtu aliyezama anayemwona mwenzake naye yumo majini. Sada akaenda barabarani. Hakuna gari lililopita jioni ile, na ndani ya nyumba hakukuwa na pa kukaa, kulinuka. Akapanda jabalini, si kwa kutaka, bali kwa kuwa miguu ilipajua.

Waliosalia waliruka muda uleule wa kila siku. Kundi lilikuwa dogo sasa, lina matundu, na mchangani walibaki wengi ambao hawakuruka, baadhi yao wakiinua kichwa kila wenzao walipopita juu yao. Wale wa juu walizunguka. Walipanda, wakashuka nusu, wakapanda tena, na kelele zao zikapungua kadiri walivyokwenda juu, mpaka zikawa kama mchanga unaomwagwa kwenye karatasi. Halafu kundi likajinyoosha, likashika upande wa ziwa, na Sada akangoja ligeuke. Halikugeuka. Alilitazama mpaka likawa doa, na doa likapotea, na hakuna kitu kilichopungua moyoni mwake. Ilikuwa ndiyo jioni ambayo Justa asingependa kuikosa, naye aliikosa kwa siku moja.

Hellen alifika kesho yake mchana, matope mpaka magotini, maana daraja la mbele lilikuwa limekatika akatembea sehemu kubwa ya njia. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mnene kidogo, mwenye sauti tulivu kama ya mama yake. Alilia kaburini, akanawa uso, kisha akaja kukaa karibu na Sada ukumbini. Paulo alikuwapo, ameegemea mlango.

"Mama mdogo," alisema, "wewe ndiye uliyekuwa naye mara ya mwisho. Niambie alivyokuwa."

Sada aliinua macho akakutana na macho ya Paulo. Paulo alitikisa kichwa kidogo sana, kama anayemzuia mtu asikanyage mahali palipooza. Ilikuwa rahisi kusema alikuwa mzima, alicheka, alikutaja. Yote yalikuwa kweli. Lakini Sada alikwisha kuona linalotokea mtu anaposema neno la kweli ili kuficha neno jingine la kweli.

Akamwambia yote. Alianza na Ngosha na dumu, akaja kwenye furu waliokufa na harufu, akamaliza na sufuria. Aliyoyasikia kwa Paulo aliyasema mbele ya Paulo mwenyewe, naye hakukana. Aliteleza tu kwa mgongo mlangoni mpaka akakaa sakafuni.

Hellen alisikiliza bila kumkatiza. Alipouliza, aliuliza jambo moja.

"Ulipomwambia asile kwa sababu ni kibudu. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua," Sada alisema.

Hellen aliitazama mikono ya Sada kwa muda. Kisha akasimama, akafunga kanga kiunoni, akatoka. Walidhani amekwenda kaburini. Alikuwa amekwenda kituo cha polisi, kwa miguu.

Paulo alichukuliwa, akakaa mahabusu wiki kadhaa, akarudi. Hapakuwa na ushahidi, walisema. Maiti ilizikwa kama ya kipindupindu na hakuna aliyetaka kuifukua. Ndege walikuwa wameoza, na ziwa limejisafisha. Sada aliitwa akaandika maelezo, akaambiwa kwamba kuuza dawa ya pamba si kosa. Alilirudia jibu hilo moyoni siku nyingi, akitafuta mahali ndani yake ambapo lingemkaa, asipapate. Ngosha alihamia visiwani, na inasemekana aliendelea na kazi yake.

Mwaka uliofuata Wazungu walikataa samaki wa ziwa kwa sababu ya sumu. Viwanda vilisimama, malori ya barafu yakaegeshwa, na mji mzima ukawalaani wenye kumwaga dawa majini. Paulo alikuwa kati ya wavuvi waliokusanyika mwaloni, pale wanaposhushia samaki, kulalamika kwamba hawana soko. Hakuna aliyemnyooshea kidole. Alizeeka haraka, akaanza pombe, akauza mtumbwi.

Sada aliacha pembejeo. Alijaribu mitumba, haikumwendea, akaishia kukaanga vitumbua stendi ya Kisesa. Harufu ilichukua muda mrefu kutoka kwenye nguo.

Alikutana na Hellen mara moja tu, miaka miwili baadaye, Hellen akishuka kwenye basi na mtoto mgongoni. Hapakuwa na njia ya kupishana bila kusalimiana.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

Hellen akanunua vitumbua, akalipa, ingawa Sada alijaribu kukataa. Akauliza kama mvua za huku zimekuwa nzuri. Sada akasema za mwaka huu si haba. Mtoto akaamka akaanza kulia, Hellen akamwinua juu mgongoni, akakaza mbeleko, akaenda kutafuta gari la Ilambo.